Una Nini Nyumbani Mwako?

Kaka yetu mkubwa alipovua gwanda la jeshi, mwaka 2003, alirudi kwetu Kisarawe na mkewe, watoto wanne, sanduku la chuma, godoro lililofungwa kwa kamba, na cherehani ya mkono. Watu wa kijiji walimpokea kwa heshima. Wazee walimwombea dua, vijana wakamtua mizigo, nao akina mama wakampigia vigelegele shemeji yetu. Lakini hata chai haijanywewa, maswali yakaanza, na maswali yote yalikuwa ni moja tu: "Wamekupa kiinua mgongo kiasi gani?" Hatukumsikia mtu hata mmoja aliyemwuliza, "Wajua kazi gani?" Nasi twakiri mbele yenu, ndugu wasomaji, kwamba tulikuwa miongoni mwa hao waliouliza habari za fedha.

Twaandika habari hii kwa idhini yake na ya mkewe. Hatuiandiki kwa kutaka kusifiwa wala kuhurumiwa. Twaiandika kwa kuwa huku Kibaha tunakokaa, na kule Kisarawe tulikozaliwa, hatukosi kuona askari akirudi uraiani hali angali na nguvu zake, kwani askari wa vyeo vya chini huondoka kazini mapema kuliko karani au mwalimu. Hurudi na fedha mkononi na hofu moyoni. Nyuma yake yuko mwanamke ambaye hakuna amwulizaye neno.

Kaka yetu aliingia katika Jeshi la Wananchi wakati wa vita vya Kagera, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi yetu mwishoni mwa mwaka 1978. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili, 1979, alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja. Vita vilikwisha, lakini yeye alibaki jeshini, akapelekwa katika bohari. Basi kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yake haikuwa kupiga risasi. Kazi yake ilikuwa kuhesabu: magunia ya mchele, mablanketi, buti, matairi, mapipa ya mafuta. Kilichoingia alikiandika, na kilichotoka alikiandika. Alitoka na cheo cha sajenti.

Mkewe alimfuata Songea, Tabora na Nachingwea. Huko Songea ndiko alikonunua ile cherehani, akaanza kuwashonea watoto wa majirani. Wateja walipomjua na fedha ikaanza kukaa mkononi, ikaja amri ya uhamisho. Akafika Tabora hajulikani na mtu, akaanza tena. Wateja wakamjua, amri ikaja. Mara tatu alijenga biashara, na mara tatu ikavunjwa na karatasi moja ambayo yeye hakuitia sahihi. Mume hupandishwa cheo kwa kuhama; mke hurudi mwanzo kila wanapohama. Jambo hili hatukuwa tumelifikiri hata siku moja, mpaka tulipofundishwa na misiba yetu wenyewe.

Shauri la namna ya kuitumia ile fedha ya kiinua mgongo lilikuwa letu. Sisi tulikuwa mwalimu wa shule, nao watu hudhani kwamba mwalimu ajua kila kitu. Tulisema, "Kaka, nunua lori." Tulimpigia hesabu mchangani: mihogo na mananasi kutoka upande wa Maneromango, mkaa na korosho, yote yapelekwe Dar es Salaam, na fedha irudi jioni. Shemeji yetu, aliyekuwa akichambua mchele karibu, aliinua uso akasema kwa adabu, "Shemeji, kwani tusiongeze cherehani mbili, tukakodi chumba kule Maili Moja? Watoto wa shule ni wengi, na sare zataka mshonaji." Tulicheka. Tukamjibu kwamba hayo ni mambo ya akina mama, na kwamba fedha ya mwanamume askari yataka kazi ya kiume. Neno hilo tulilisema kwa kinywa chetu, na hata leo tukilikumbuka twaona haya.

Lori lilinunuliwa, nalo halikuwa jipya. Wakati wa masika barabara iligeuka tope, na lori likalala njiani siku tatu na mananasi yakaoza. Dereva aliuza mafuta kidogo kidogo kando ya njia. Kisha giaboksi ikavunjika, ikatengenezwa, ikavunjika tena. Mwaka na nusu haujatimia, lori likawa limekaa juu ya magogo nyuma ya nyumba, na kuku wakitaga juu ya kiti cha dereva.

Kaka yetu alianza kujificha. Aliacha kukaa barazani. Hata sala ya jamaa akawa aipitisha, akidai kwamba mguu wamwuma. Alikwenda mjini kutafuta kazi, na kila alipokwenda alipewa jibu moja: "Ulikuwa askari? Basi kaa getini." Ulinzi ni kazi ya halali, na hatumdharau mtu akeshaye ili wenziwe walale. Lakini yeye aliuliza kwa uchungu, "Je, katika miaka yangu yote hiyo, wameiona bunduki peke yake?"

Usiku mmoja baada ya Isha tulikwenda kumtazama. Tulimkuta ameketi gizani, na mkewe yuko ndani, karibu na taa ya chemli, akishona sare za shule. Cherehani ilikuwa ikilia tiki-tiki bila kupumzika. Kaka akatuambia kwa sauti ya chini, "Zamani nililishwa na serikali. Sasa nalishwa na cherehani." Hatukuwa na jibu. Ndipo cherehani ikanyamaza, na shemeji akatoka na daftari kubwa la jalada jeusi, akaliweka mapajani petu. Akasema, "Shemeji, wewe ni mwalimu. Soma."

Lilikuwa ni daftari la lori. Kila safari ilikuwa na tarehe yake. Kila lita ya mafuta ilikuwa imeandikwa, kila pancha, kila gunia lililopakiwa na lililoshushwa. Hata wizi wa dereva ulikuwamo: safu moja yaonyesha mafuta yaliyotiwa, ya pili mwendo uliokwenda, na ya tatu, kwa wino mwekundu, upungufu. Tuliona ajabu. Tukamwuliza, "Kaka, kumbe ulijua tangu mwanzo kwamba unaibiwa?"

Akanyamaza kidogo, kisha akatujibu: "Jeshini ukiona upungufu waandika, na mkubwa wako hulichukua neno hilo akatoa hukumu. Hapa niliandika kila siku. Lakini mkubwa hakuwako."

Shemeji akasema, "Lori limekufa, lakini hesabu haikufa. Mtu ajuaye kazi hii, kwa nini mwamtafutia geti?"

Tulirudi Kibaha usiku ule kama mtu aliyepigwa. Njiani tukaikumbuka habari iliyopokewa na Abu Daud, ambayo tuliisoma utotoni tukadhani twaijua. Mtu mmoja katika Answari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimwuliza kama nyumbani mwake hamna kitu. Akajibu kwamba mna kitambaa, upande wakijifunika na upande wakitandika, na bakuli la kunywea maji. Mtume akaviagiza viletwe, akavinadi, vikauzwa kwa dirhamu mbili. Moja ikawa ya chakula cha watu wa nyumbani, na ya pili ya kununulia shoka. Shoka lilipoletwa, Mtume alilitia mpini kwa mkono wake mwenyewe, akamwamrisha yule mtu aende akakate kuni, asionekane mpaka zipite siku kumi na tano. Akarudi na dirhamu kumi.

Tazameni mpango wake. Swali la kwanza lilikuwa juu ya kilichomo nyumbani. Watu wa nyumbani walikula kwanza. Aliyetoa shauri alishika mpini kwa mkono wake. Tena akaweka muda wa kutazama matokeo. Sisi tulitoa shauri kwa ulimi tu, wala hatukuuliza nyumbani mna nini. Nyumbani mlikuwa na cherehani na mtu ajuaye kuitumia, na mlikuwa na mtu wa hesabu za ghala.

Asubuhi tuliketi na kaka tukaandika barua mpya. Ile ya kwanza ilitaja kikosi, cheo na nishani, mambo ambayo mwenye kiwanda hayaelewi. Katika barua ya pili tuliandika kwa lugha ya raia: kwamba mtu huyu amepokea, amepanga na ametoa mali za ghala kwa zaidi ya miaka ishirini, kwamba amewasimamia watu sita, kwamba ajua kuhesabu mali kila mwezi na kulinganisha hesabu na daftari, kwamba ajua kupanga vitu ili cha zamani kitoke kabla ya kipya. Hatukuongeza uongo hata mmoja. Tuliyafasiri maisha yake tu. Kisha tukamwambia achukue na lile daftari jeusi.

Katika ghala moja hapa Kibaha msimamizi alilifungua daftari, akasoma kurasa tatu, akauliza, "Hii ni hesabu ya kampuni gani?" Kaka akajibu, "Ni ya lori langu lililokufa." Akapewa miezi mitatu ya kujaribiwa. Alikaa hapo miaka kumi na mitatu. Lori liliuzwa kama chuma chakavu, na fedha yake ikanunua cherehani mbili na kodi ya chumba Maili Moja. Shemeji alijifunza kukata vitambaa kwa vipimo katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kilicho chini ya Shirika la Elimu Kibaha, ambalo asili yake ni mradi wa nchi za Nordiki uliofunguliwa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Leo hushona sare na kuwafundisha wasichana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna karatasi iwezayo kumhamisha.

Ndugu wasomaji, msiba huu si mgeni katika nyumba yetu. Marehemu baba yetu alichukuliwa katika King's African Rifles, ambayo wazee waliiita Keya, akapigana Burma mwaka 1944. Watanganyika waliotumika katika vita vile walipita 80,000. Baba alikuwa akiandika kwa herufi za Kiarabu tangu chuoni. Jeshini alifundishwa herufi za Kizungu, akafundishwa na kuendesha motokaa. Aliporudi mwaka 1946 alinunua mabati machache na koti, akashika jembe la babu yake. Kule Marekani, mwaka ule ule wa 1944, ilipitishwa sheria ya kuwasomesha askari warudipo, na ilipofika mwaka 1956 watu wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepata masomo au mafunzo ya kazi kwa sheria hiyo. Vita vilikuwa ni vile vile, lakini huko askari aliulizwa ataka kujifunza nini, na huku baba yetu hakuulizwa hata alilolijua. Alikufa akiwa dereva ambaye hakuendesha tena.

Wala mke wa askari si jambo jipya katika dini yetu. Sayyidna Umar ibn al-Khattab, alipoanzisha daftari la Diwani la kuwapa askari posho, aliwaandika na wake na watoto. Tena yasimuliwa kwamba usiku mmoja alimsikia mwanamke akiimba kwa upweke, mumewe yuko vitani. Akashauriana na binti yake Hafsa, kisha akaweka mpaka wa muda ambao askari asiuzidishe akiwa mbali na mkewe. Khalifa alitambua kwamba askari mmoja akienda, nyumba nzima imekwenda jeshini. Basi akirudi, nyumba nzima yarudi uraiani, na yatupasa kuisaidia nyumba nzima.

Tangu siku zile, sisi na wazee wawili huketi kila Jumamosi baada ya Alasiri katika baraza ya madrasa jirani na kwetu. Hatuna fedha za kugawa. Tuna daftari tu. Kila nyumba hupewa kurasa mbili, moja ya mume na moja ya mke, na ya mke huandikwa kwanza, kwa sababu tumegundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiishi uraiani muda wote: akinunua, akiuza, akikopa na kulipa. Alikuja mama mmoja akasema hajui kazi yoyote. Tukamwuliza, akatuambia kwamba alishika upatu wa akina mama kambini miaka tisa bila senti kupotea. Huyo hajui kazi? Leo ashika hesabu za duka. Alikuja mwanamume mmoja aliyesema yeye "mpishi tu". Kumbe alizoea kuwapikia watu mia tatu, mara tatu kwa siku, na chakula kikawa tayari kwa saa yake. Sasa yeye na mkewe hupika katika maarusi na hitima, kutoka Mlandizi mpaka Pugu.

Hatusemi kwamba wote hufaulu. Mmoja alitujia amechelewa. Kiinua mgongo kilikuwa kimekwisha kwa harusi ya pili na pikipiki tatu, na pikipiki zote tatu zimeibiwa. Mwingine hakutaka mkewe aulizwe neno mbele ya watu, akaondoka kwa hasira, wala hatukumwona tena. Hao nao tumewaandika, ili tusijidanganye.

Kwa wale wasomaji ambao baba, mume au kaka wao yu karibu kutoka jeshini, tuna maneno machache.

La kwanza, anzeni mwaka mmoja kabla ya siku ya kutoka. Mume na mke waketi pamoja waandike kila mmoja alifanyalo, kwa maneno ambayo muuza duka aweza kuyaelewa.

La pili, fedha ya kiinua mgongo isiingizwe katika biashara ambayo hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuifanya. Iacheni ipumzike. Lishani watoto kwanza, na jaribuni kwa kidogo.

La tatu, ujuzi usio na cheti watafutieni cheti. VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazi nje ya darasa na kuurasimisha ujuzi wao, na mkoa wetu wa Pwani una chuo chake hapa Kibaha. Fundi mwashi, fundi magari, mpishi na mshonaji, wote waende wakaulize.

La nne ni kwa wenye kazi. Kibaha ya leo si ile ya mihogo na mikorosho peke yake. Viwanda vimeongezeka, bandari kavu imejengwa Kwala, na tangu mwaka 2024 reli mpya yachukua abiria kutoka Dar es Salaam ikipita Pugu, Soga na Ruvu. Yote hayo yataka watu wa kuhesabu, kupakia, kutengeneza mitambo na kupika. Askari akija mlangoni pako, usimwonyeshe geti kabla hujamwuliza alikuwa akifanya nini. Jeshi lenyewe lajua kwamba watu wake si wa bunduki tu. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, limelima, limejenga na kutengeneza samani.

La tano ni kwenu vijana mtokao katika mafunzo ya JKT bila kuajiriwa. Msirudi nyumbani mkajiita watu waliokosa. Kaeni muandike mlichojifunza, hata kama ni kuamka alfajiri na kumaliza kazi mliyopewa, maana hilo nalo ni mali adimu.

Kaka yetu sasa ni mzee. Kile kiti cha dereva hakuuza pamoja na lori; kipo uani chini ya mwembe, na kuku wangali wakikipenda. Juma lililopita tulimkuta ameketi juu yake na kijana mmoja aliyetoka jeshini mwezi uliopita. Kijana alikuwa akieleza fedha alizopata na pikipiki alizokusudia kununua. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, kisha akamwuliza, "Mwanangu, nyumbani mwako mna nini?" Kijana akasema hamna kitu. Kaka akasema, "Basi kesho njoo na mkeo. Tutamwuliza yeye."

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuuliza kabla ya kushauri, na kushika mpini kabla ya kumtuma mtu porini. Amin.